YAH: KUFUNGIWA FAMILIA YETU NA KUAMBIWA NIMFUTE BIBI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima japo imebaki kidogo sana, na naandika Kiswahili kwa sababu tangazo la ile paki ya bustani, vile vitu vya ziada vya gemu yenu ya familia mnavyouza pembeni, mlinirushia kwenye simu kwa Kiswahili, sasa msije kuniambia hamuelewi.

Masharti yenu mnayajua wenyewe, sina haja ya kuyarudia. Ninachotaka mjue ni nilivyojibiwa na mhudumu wenu kwenye chati. Nimemwambia vizuri tu kwamba baada ya apdeti familia yetu tuliyoitengeneza kwenye gemu haifunguki, inaandika inahitaji paki mpya, na humo ndani kuna bibi ambaye mdogo wangu kamtengeneza kwa mkono wake, kitenge, mkongojo, mpaka shamba la zabibu nyuma ya nyumba kama kule kwa bibi yetu Mvumi. Akajibu: unaweza kumfuta mhusika anayehitaji paki ili uendelee kucheza.

Kumfuta!

Wahusika wazee walikuwepo kwenye gemu tangu naipakua, hamkuwauza peke yao. Mkawatoa, mkawafungia kwenye paki mpya, sasa mnataka ninunue kitu nilichokuwa nacho. Na ile ya bustani nishailipia, zaidi ya laki moja, hela ya vocha na bando nilikuwa naiweka pembeni kidogo kidogo, leo hata hizo zabibu sizioni maana ziko kwenye familia iliyofungwa.

Wenzenu wa The Sims 4, nayo gemu ya kuendesha maisha ya familia, mwaka 2014 walitoa gemu haina mabwawa ya kuogelea wala watoto wanaoanza kutembea, watu wakalalamika, mabwawa yakaletwa bure Novemba mwaka huohuo na watoto wakaja bure Januari 2017. Siwatetei, nao wanauza paki kibao na bei zao siyo za mtu wa kawaida, ila gemu yenyewe tangu Oktoba 2022 hulipii hata mia. Wao walichopunguza walirudisha. Nyie mnapunguza halafu mnauza.

Nirudi kwenye ile chati maana bado inaniuma. Mdogo wangu yuko darasa la sita, alikuwa amekaa pembeni yangu anasoma kila kinachoandikwa, na tulishasubiri muda mrefu bando linakatika tu. Mhudumu alivyoandika "kumfuta" mtoto akaniuliza, dada, wanamfuta bibi? Sijamjibu bado, mhudumu kaweka kile kikatuni cha kutabasamu, chini yake linki ya kununua paki, halafu akafunga chati. Nikabaki naangalia nyota tano, mnaniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma. Kabla ya hapo nilishatuma imeili nikajibiwa na mashine, hilo ningevumilia. La kumwambia mtoto amfute bibi yake halafu mnatabasamu, hapana.

Mwanzo nilitaka mfungue familia tu yaishe. Sasa hivi nataka mfungue familia, wazee warudi kwa kila mtu aliyekuwa nao, mnirudishie hela yote ya paki ya bustani, na mumwandikie mdogo wangu msamaha, uandikwe na mtu siyo mashine.

Na msijifiche kwamba mko mbali. VAT ya asilimia 18 mlinikata na kwenye risiti yenu ipo, kwa hiyo mnajua kabisa mnauza Tanzania. Huku kuna FCC, yaani Tume ya Ushindani, na kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza kumpotosha mnunuzi. Nawapa siku saba. Zikipita kimya napeleka malalamiko FCC, naenda benki kuyapinga malipo, na skrinishoti nazimwaga kwenye kila grupu la wacheza gemu nililomo, Dodoma mpaka Dar, na hapo sitadai tena hela ya paki moja, nitadai ya paki zote nilizowahi kununua kwenu.

Chati nzima ninayo, na ile linki na kile kikatuni.

Mteja wenu,
Nkuhungu, Dodoma