Tukifika ufukweni, watoto wa ukoo mzima huwa wangu

Shangazi, shikamoo.

Naandika kwa haraka kidogo kwa sababu kianzio cha nyumba kimeshalipwa na mama mkwe ameshawaambia wajukuu waanze kuhesabu siku. Mwezi ujao ukoo mzima wa mume wangu unakwenda kupumzika ufukweni: mama mkwe na bamkwe, watoto wao wote na wenzi wao, na wajukuu, ambao wengi hawajafikia hata umri wa kuanza shule. Wote chini ya paa moja. Tumeshafanya hivi huko nyuma, na nisiwe mnafiki, lipo ninalolipenda. Usiku watoto wakishalala, watu wazima hukaa nje wakitaniana na kukumbushana visa vya utotoni, na mama mkwe hucheka mpaka machozi yanamtoka. Shida yangu ni mchana.

Mchana tukishatandika taulo, wanaume huchukua mpira wakaenda zao mbali, au hupiga mbizi kwenye kina. Mawifi zangu hujinyoosha kivulini na simu zao. Mama mkwe hukaa kwenye kiti akikitazama kizazi chake kwa raha. Watoto wako majini, na mimi niko nao. Hakuna aliyewahi kunitamkia kwamba kazi hiyo ni yangu, imenikalia tu. Mtoto wa wifi mkubwa akimuuliza mama yake kama anaweza kurudi majini, hujibiwa bila kichwa kuinuliwa: "Nenda, anti yupo." Nikimlalamikia mume wangu, jibu lake ni lile lile: "Lakini si mko wengi pale?"

Shangazi, hiyo "si mko wengi" ndiyo inayonikosesha usingizi. Waswahili walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo chetu hakina nahodha hata mmoja. Kila mtu mzima aliyekaa pale anaamini kuna mwenzake anayeangalia, na kwa kuwa watu ni wengi, imani hiyo inazidi kuwa tamu. Ningekuwa peke yangu na wanangu wawili ningejua kabisa kwamba macho ni yangu. Tukiwa kundi, sijui.

Safari iliyopita mtoto wa wifi mkubwa, wa miaka mitatu, alifuata mpira uliopeperushwa na upepo. Watu wazima walikuwa hapo hapo, karibu kiasi cha kusikia mtoto akipiga chafya. Mimi nilikuwa nimeinama namfunga mwanangu kofia. Nilipoinua macho nilimwona amesimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawasawa na uso wa maji, unazama, unaibuka, unazama. Hakulia. Hakurusha mikono juu wala kuita mtu. Macho yalikuwa wazi lakini hayatazami kitu. Kwa asiyejua, angedhani mtoto anaangalia ndege. Nilijitupa na nguo zangu nikamtoa. Alikohoa, akatapika maji, ndipo akalia. Mama yake alikuja, akampangusa, akacheka: "Amekunywa chumvi kidogo tu, atazoea." Kisha akanigeukia kunishukuru kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayemshukuru mhudumu kwa kuleta maji ya kunywa.

Mimi kazini tulifunzwa huduma ya kwanza, kwa hiyo nilijua nilichokiona. Mtu anayekufa maji hana pumzi ya kupigia kelele. Pumzi yote aliyonayo anaitafuta. Mikono haiwezi kupunga kwa sababu inabonyeza maji ili kichwa kibaki juu. Mtoto mdogo anaweza kupotea namna hiyo kwa muda mfupi kuliko wa kujibu ujumbe kwenye simu, na maji yasiyomfika mtu mzima magotini yanamtosha. Nilieleza hayo usiku ule ule, kwa upole, tukiwa mezani. Palikuwa na kimya kidogo, kisha shemeji mmoja akasema naharibu likizo ya watu kwa hadithi za kutisha. Wakacheka. Tangu siku hiyo, tukiwa ufukweni, sikai chini.

Sasa safari ya mwezi ujao ilipotangazwa, niliona nitangulie. Niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikapendekeza zamu. Watu wazima wawili wawili, nusu saa kwa nusu saa, muda ule wasishike simu, wasinywe pombe, wasilale, wasipige soga na kupeana mgongo na bahari. Tuwe na kofia moja ya rangi kali. Aliyeivaa ndiye mwenye zamu, na haivui mpaka amvalishe mwingine na huyo mwingine aseme "nimepokea". Kwa walio chini ya miaka mitano, mtu awe nao ndani ya maji, umbali wa mkono kumfikia mtoto. Nikaomba pia watoto wasivae nguo za kuogelea za buluu, maana zikiwa chini ya maji hazionekani. Wavae za rangi ya chungwa au waridi linalowaka. Hilo la rangi halimgharimu mtu chochote, nilidhani litapita bila ubishi.

Wifi mkubwa alijibu kwa picha ya askari anayepiga saluti. Kisha akaandika: "Tunakwenda kupumzika au tunakwenda jeshini?" Wakafuatana na vicheko. Wifi wa pili akasema wasiwasi wa nini, atakuja na binti anayemsaidia kazi za nyumbani, huyo ndiye ataangalia watoto wote. Binti mwenyewe haogelei. Ameniambia kwa mdomo wake kwamba maji yakimfika kiunoni anatetemeka. Yaani tumkabidhi roho za watoto mtu ambaye akiingia kumwokoa mmoja tutakuwa na wawili wa kuokolewa, na likitokea la kutokea lawama zote zimwangukie yeye kwa kuwa ni mnyonge. Hapana. Hilo siliafiki hata kama mimi ndiye ningefaidika kwa kupumzika.

Mwisho mama mkwe akatuma ujumbe wa sauti. "Mwanangu, mimi nimelea wote hawa bila kofia. Mlinzi ni Mungu." Sikujibu. Ukibishana na neno kama hilo, wewe ndiye unayeonekana huna imani. Jioni ile mke wa shemeji mdogo alinipigia simu kisirisiri kuniambia nina haki kabisa, na yeye huogopa vile vile. Nikamuuliza mbona hakuandika kwenye kundi. Akasema, "Dada, we waache tu, unawajua walivyo." Ana kichanga cha miezi minne, na safari hii najua nitagombana kwa niaba yake pia, kwa sababu mama mkwe anaamini mtoto apigwe na jua apate nguvu, wakati kichanga wa umri huo hatakiwi kukaa kwenye jua kali hata kidogo. Lakini hilo kivuli na nguo nyepesi vinalimaliza. La maji halimalizwi na kivuli.

Usinione kwamba naichukia bahari. Nimekua nikiogelea, na wanangu nawafundisha. Ninachokiogopa ni jinsi tunavyoichagua kwa macho. Mathalani, mashemeji huwapeleka watoto pale ambapo mawimbi hayavunjiki, wanasema "hapa pametulia". Kumbe mara nyingi kijia hicho kilichotulia katikati ya mawimbi ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu, na anayechukuliwa na mkondo huo akipigana kuelekea pwani moja kwa moja huchoka bure. Inabidi aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Mtu mzima anaweza kukumbuka hilo. Mtoto wa miaka minne atakumbuka nini?

Halafu kuna yale maboya ya kuchezea yenye umbo la bata na mamba. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, mtoto juu ya bata anaondoka bila hata kupiga miguu. Zile pete za mikononi za kujaza upepo nazo huchomoka, na zikimpa mzazi kitu, zinampa usingizi. Nikasema kama ni lazima mtoto avae kitu, basi iwe jaketi la kujiokolea linalomkaa sawasawa kwa uzito wake, na hata hilo halichukui nafasi ya mtu wa kumwangalia. Nikaambiwa majaketi yanaharibu picha.

Na maji kujaa na kupwa hakuna anayeuliza. Tarehe zimepangwa kwa kufuata likizo za kazini, sawa, lakini nilipotazama kalenda nimekuta tutaangukia mwezi mpevu, maana yake bamvua: maji yatapwa sana na yatajaa sana. Yakipwa, watoto wakubwa watataka kuvuka kwenda kwenye fungu la mchanga kuokota makombe. Maji yakirudi hayaanzi kulifunika fungu. Hujaa kwanza kwenye kijito kilicho nyuma yako, kati yako na ufukwe, nawe ukiwa umesimama pakavu huoni kitu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa iliyokuwa salama jana leo si hiyo. Ningependa mtu mmoja, yeyote, asiwe mimi, aamke asubuhi akiwa ameshaangalia saa za maji.

Mume wangu nilimwonyesha ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, isemayo kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Akaisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini ukimwambia mama namba hizi atasema unamtabiria mabaya kwenye siku yake." Maana safari hii ni ya kusherehekea miaka 70 ya mama mkwe. Ndiyo maana naona ugumu. Nikisema hatuendi, nitakuwa mke wa mwana aliyemnyima mama yake wajukuu siku ambayo ameingoja mwaka mzima, na jambo hilo litasemwa hadi wanangu waoe.

Nimefikiria kwenda nikatangaza kwamba nitaangalia wa kwangu wawili tu, kila mzazi abebe wake. Inasikika vizuri mdomoni. Lakini shangazi, nikiwa nimesimama majini na wanangu, nikamwona mtoto wa wifi kichwa kimelala nyuma, nitageuka pembeni niseme zamu si yangu? Wao wanajua siwezi. Nadhani ndiyo maana wanalala.

Nimefikiria pia tukodi chumba mahali pengine karibu, tuwe tunajiunga nao kwa chakula na jioni tu, wanangu niwapeleke majini asubuhi na mapema kabla wenzetu hawajaamka. Mume wangu anasema hiyo ni kujitenga na italeta maneno mabaya kuliko kutokwenda kabisa. Anataka mimi ndiye nizungumze na mama yake kwa sababu, eti, mimi ndiye najua haya mambo ya huduma ya kwanza. Mimi naona kinyume chake. Mama akiambiwa na mwanawe wa kumzaa atakasirika, atalala, ataamka yameisha. Akiambiwa na mkwe, neno lile lile linageuka dharau. Tumebishana juu ya hili mpaka tumechoshana, na kila mmoja anangoja mwenzake ainue simu.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamgusa, naye ni bamkwe. Huwa haongei sana. Lakini nimekuja kukumbuka kwamba ufukweni kiti chake hukiweka mbele kabisa, miguu ikiguswa na maji, mbali na kivuli cha wenzake, na hana simu mkononi. Sijui kama anaangalia watoto au anaangalia upeo wa bahari. Sijawahi kumuuliza. Najiuliza kama nimwendee yeye kwanza, faragha, nimwombe awe mtu wa kwanza kuvaa ile kofia. Akiivaa yeye, nani atacheka? Ila naogopa mama mkwe akigundua nilipita mlango wa nyuma ataniona mjanja, na mawifi watasema nimemtumia mzee.

Kwa hiyo naomba unishauri, na wasomaji wenzangu wenye wakwe na watoto wadogo wanisaidie. Nimwendee bamkwe, au nimshikilie mume wangu mpaka aongee na mama yake? Hilo lizungumzwe sasa, kabla ya safari, au usiku wa kwanza tukishafika na kila mtu ana furaha? Na kama wote watakataa zamu, ni halali kweli kumwambia wifi mkubwa, mbele ya watu, kwamba mtoto wake haingii majini mpaka yeye mwenyewe ainuke? Nami ni mke tu wa kaka yake.

Salio la nyumba linalipwa mwisho wa mwezi. Nikipata jibu kabla ya hapo nitashukuru.

Mimi mkwe wenu,
Anti Yupo