Usininong'oneze tena, mwanangu

Arua, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia simu ulininong'oneza. Kwanza nilidhani koo linakuuma, nikaanza habari za tangawizi na asali. Halafu nikasikia komeo la mlango, ukavuta pumzi, ukaendelea kunong'ona. Nilipokuuliza kulikoni ukasema, "Mama, hapa wakinisikia naongea Kiswahili wananyamaza." Neno hilo nimepika nalo, nimelima nalo, nimelala nalo siku tatu. Simu haifai kwa jambo hili, salio hukatika pale pale mtu anapoanza kufunguka. Dada yako amenipa daftari lake la zamani, na leo taa ya sola ina chaji ya kutosha.

Mengine uliyonieleza nimeyasikia yote, usidhani nimeyapuuza. Huo muzigo wako hapo Bwaise, Kampala, yaani chumba kimoja cha kupanga, na kitanda juu ya matofali kwa sababu maji yameshaingia mara mbili mwezi huu. Choo kilichoinuliwa juu kama kichuguu, unapanda ngazi kukifikia, kwa kuwa ukichimba chini unakuta maji. Kibanda cha video kinachopiga kelele hadi usiku wa manane. Kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, wamesimama juu ya takataka wakikutazama kama wenye nyumba. Simu ya mwenzako iliyonyakuliwa mchana kweupe kando ya barabara ya Bombo, na watu wakaendelea na safari zao. Na kwamba ukitoka kazini saa kumi na mbili unajifungia ndani, huonekani tena mpaka asubuhi. Hilo la mwisho limeniuma kuliko maji na choo.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Bwaise naijua. Kila mtu wa kwetu ameiona kupitia dirisha la basi, maana basi la Arua hupita hapo kabla ya kuingia mjini. Mtu anaamka, anapangusa macho, anasema tumefika. Mimi niliishi hapo. Mwaka 1991, nikiwa na miaka 19, nilikaa miezi 14 upande wa kushukia Kalerwe, kwa shangazi yangu aliyekuwa akiuza angara, samaki wetu wa kukausha, sokoni. Sikuwahi kukusimulia kwa sababu katika miezi hiyo nilifanya jambo ambalo sikulipenda, na sikutaka mwanangu anijue hivyo.

Siku ya kwanza tu shangazi alinikalisha chini. Akasema: njiani usiongee Kiswahili. Kilugbara, lugha ya kwetu, ongea ndani, tena polepole. Wakikuuliza jina, wewe ni Namukasa. Nikauliza kwa nini nijiite jina la Kiganda wakati sijui hata kuomba maji kwa lugha yao. Akaniambia nitajua. Na kweli nilijua. Sisi wote wa ng'ambo ya Nile tuliitwa Anyanya, jina la waasi wa zamani wa Sudan, hata ambaye hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Basi nikawa Namukasa. Mwenye nyumba akaniita Namukasa, watoto wa jirani wakaniita Namukasa, na kwa kuwa Namukasa hakujua Kiganda, alinyamaza. Walidhani nina haya. Wengine walidhani ni bubu. Nilikuwa nikienda chemchemini alfajiri kabla ya watu, nikirudi natazama miguu yangu. Kwa hiyo mwanangu, huko kujifungia kwako nakujua kwa ndani. Nilikuwa bingwa wake.

Unajua Kiswahili kiliingiaje nyumbani kwetu? Babu yako aliandikishwa KAR, jeshi la Waingereza, akapelekwa Jinja, na huko amri zote zilitolewa kwa Kiswahili. Bibi yako ni Mualur wa Nebbi. Yeye hakujua Kilugbara, babu hakujua Kialur. Wakaoana kwa Kiswahili. Wakagombana kwa Kiswahili, wakatubembeleza kwa Kiswahili. Kwangu hiyo ni lugha ya mgongoni mwa mama, ya maziwa yanayochemka, ya babu yako akiwa chini ya lori akiita apewe spana, maana alikuwa fundi wa magari ya jeshi mpaka mwaka 1979. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu mwingine anaweza kuisikia lugha hiyo hiyo akatetemeka.

Asubuhi moja nilichelewa, nikakuta foleni ya jerikani ndefu. Mtoto mmoja alikuwa akiruka ruka juu ya mawe yenye utelezi, na mdomo wangu ukanisaliti: "Angalia, utaanguka!" Watu wote wakanyamaza. Ukimya huo unaoniambia wewe, ndio huo. Maji yalikuwa yakitiririka tu. Mama mmoja wa makamo, muuza mahindi ya kuchoma, aligeuka akaniuliza lugha hiyo nimeitoa wapi. Nilitaka kukimbia. Nadhani kama jerikani yangu isingekuwa kwenye foleni ningekimbia, na mpaka leo ningekuwa nakimbia.

Nikamwambia kwa Kiganda changu cha kuokoteza kwamba ni lugha ya nyumbani. Akasema, nyumbani kwenu ni wapi? Nikasema Arua. Hapo ndipo aliponieleza ya mumewe. Mwaka 1982 alitoka asubuhi kwenda kununua mafuta ya taa. Siku hizo askari walikuwa wakizunguka mtaa mzima kabla hakujapambazuka, wanatoa watu majumbani, wanawaamuru wapande malori. Yule mama alisema "pandagari" kama neno moja, kama jina la ugonjwa. Mumewe hakurudi, wala yeye hakupewa mwili wa kuzika. Aliniambia: sijui Kiswahili, najua maneno matano tu. Akayataja. Panda gari. Toka nje. Lala chini. Toa pesa. Nyamaza. Mwanangu, hayo ndiyo maneno matano aliyofundishwa kwa lugha ambayo mimi nilibembelezewa.

Sikujua la kusema, nikasema ukweli. Nikamwambia baba yangu alikuwa askari, fundi wa malori. Nikamwambia jina langu si Namukasa, nikalitaja. Nikamwambia kwamba mwaka 1980, nikiwa na miaka 8, kina sisi nasi tulitolewa nyumbani na watu waliosema "toka nje," tukakimbilia Zaire, tukaishi Ariwara, na baba akafia huko. Dada yake mama alibaki, akajificha misheni ya Ombaci. Mauaji ya Ombaci ya tarehe 24 Juni 1981 unayajua, tumekwenda pamoja kuwaombea. Yote hayo niliyasema nusu Kiganda, nusu mikono. Aliposikia neno askari alijitwisha jerikani yake, akaondoka bila kuniaga.

Usisubiri nikuambie kwamba tulikumbatiana. Kesho yake alinipita. Keshokutwa alinipita. Siku iliyofuata nilichelewa tena, nikakuta jerikani yake, na nyuma yake ameweka jiwe, na mwingine alipotaka kulisogeza akamwambia hapo pana mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kuanzia hapo aliniita kwa jina langu, akilitamka vibaya, na mtaa mzima ukalitamka vibaya pamoja naye. Shangazi alikasirika wiki nzima. Alikuwa na haki ya kuogopa, simlaumu. Lakini ule mwaka niliokuwa Namukasa najuta. Nilikaa katikati ya watu nikawanyima kunijua, kisha nikalalamika kwamba hawanijui.

Basi wanapokunyamazia, si wewe wanayekusikia. Wewe umezaliwa juzi. Kuna wazee hapo ambao masikio yao yako bado mwaka 1982, na vijana waliorithi masikio hayo bila kujua yametoka wapi. Serikali imetoa amri nyingi juu ya lugha hii. Amin aliitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na hapo ndipo wengi walipozidi kuichukia kwa ajili ya aliyeitangaza. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni vizuri, nami nimefurahi. Lakini aliyejifunza "lala chini" kwa mtutu wa bunduki hataponywa na gazeti la serikali. Mtu huyo anahitaji kusikia Kiswahili kikimuuliza amelalaje.

Sikuambii kwamba Bwaise ni salama. Si salama. Simu usiitoe barabarani. Usiku usipande boda ya mtu usiyemjua, panda ya steji yenu, jifunze sura zao na wao wajifunze yako. Mvua ikianza toa vitu chini kabla hujalala, hata kama anga linakudanganya, maana Bwaise ni bakuli: mvua ya Makerere na ya Mulago huteremkia kwenu kabla ya kufika kinamasi cha Lubigi, kwa hiyo mnaweza kufurika kwa mvua ambayo hamkunyeshewa. Na wako watakaokuchukia kwa kabila lako tu, hata ukiwasalimu mpaka ulimi ukauke. Hao waache. Sina dawa yao.

Ila barua ya mwenyekiti wetu wa LC1, wa kijiji, niliyokupa iko wapi? Nakujua. Iko chini ya nguo kwenye begi. Itoe, uipige pasi kama imekunjana, uende nayo kwa mwenyekiti wa hapo akuandike kwenye kitabu chake. Nenda Jumamosi, umevaa shati. Mtu asiyejulikana kwa mwenyekiti, siku kitu kikiibiwa ndiye wa kwanza kutajwa, na hasa akiwa mgeni anayejifungia ndani. Hilo hukulifikiria, eti? Unajifungia kwa kuwaogopa, na wao wanajiuliza kijana huyu anaficha nini.

Na salamu. Huko usimpite mtu anayefanya kazi bila kumwambia "gyebale ko." Ni kama ile "pole na kazi" yetu. Anayefua, anayepika chapati, anayezibua mtaro, hata anayekutazama kwa jicho baya huku anachambua maharage, mwambie. Wewe mwenyewe unashinda ukichomelea milango na madirisha ya watu, macho mekundu. Fikiria angepita mtu akakuambia hivyo. Kiganda chako kitakuwa kibovu, watakucheka. Acha wakucheke. Mtu akishakucheka amekusikiliza.

Umenitajia pia binti wa jirani aliye Senior One, kidato cha kwanza, anayesoma Kiswahili kwa sauti ukutani mwako na kukosea ngeli. Umesema unamsikia, unajua jibu, unanyamaza. Baba'ngu, hilo lilinitoa machozi. Mtoto wa Bwaise anatafuta maneno yako usiku, nawe uko upande wa pili wa ukuta umejifunika blanketi. Ongea na mama yake kwanza, mchana, mlango ukiwa wazi, kwa heshima. Mwambie unaweza kumsaidia binti hapo nje kwenye veranda. Akikataa, umekataliwa na mtu mmoja. Akikubali, mtoto huyo atajua maneno zaidi ya yale matano.

Nimetuma mzigo kwa basi la Ijumaa usiku. Nenda Arua Park, kituo cha mabasi ya kwetu hapo mjini, Jumamosi asubuhi ukauchukue, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Kuna unga wa enyasa, ugali wetu, angara kwenye gazeti, na ufuta niliousaga mwenyewe, chupa mbili. Chupa moja ni ya mama mwenye nyumba wako. Mpe, umwambie imetoka kwa mama yako, Arua. Usiseme umetoka mahali pengine.

Jumapili nitakupigia mimi, saa kumi na moja, wakati watu wote wako nje. Simu iwe ndani ya mkono, si mbele ya barabara, lakini uwe umekaa mlangoni pako kwenye kigoda. Nitakuuliza umeamkaje, umekula nini, na unijibu kwa sauti yako yote.

Mama yako