Jaji apewe nafasi ya kupima adhabu ya kifo

Mhariri,

Nachangia mjadala wa adhabu ya kifo unaoendelea katika gazeti lako. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamlazimu jaji kumhukumu kunyongwa mtu anayepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia, isipokuwa mjamzito na aliye chini ya miaka 18. Aliyepanga mauaji na aliyeburutwa na wenzake wanapewa adhabu ileile. Kesi ambayo mshtakiwa hana la kujitetea juu ya adhabu, sijui tunaiitaje ya haki.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa nchini, Arusha, iliamua Novemba 28, 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania iuondoe ndani ya mwaka mmoja. Wapo wanaosema hakuna aliyenyongwa tangu 1994. Ni kweli, lakini sahihi moja ya Rais yatosha kubadili hali hiyo.

Mawakili, viongozi wa dini na sisi wananchi tuwaandikie wabunge wetu waibane Wizara ya Katiba na Sheria ilete muswada, na waliokwisha kuhukumiwa wasikilizwe upya kuhusu adhabu.

Msomaji wako,
Morogoro