Risala ya Mafundi Cherehani wa Ngamiani, Tanga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, wazazi na wahitimu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kwetu. Kikundi kilianzia barazani kwa cherehani chache za miguu; leo tuna darasa. Historia tusiirefushe.

Mafanikio yetu ni makubwa, na ni fahari ya Tanga nzima. Kila mhitimu aliyeketi hapa amejitengenezea vipimo vyake. Kipimo cha pindo ni hardibodi ya sentimita 20 kwa 4, yenye pengo dogo ukingoni kwenye 1.5 kwa ajili ya mshono na kwenye 4 kwa ajili ya pindo. Guniya, yaani kipimo cha pembe mraba, hukatwa kwenye plaiwudi ya milimita 3, kisha hukaguliwa: kutoka kwenye kona pima sentimita 30 upande mmoja, 40 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima upate 50 kamili. Ukipata 50.5, kitambaa cha mita moja kitakwenda upande kwa sentimita 2. Vanishi hupakwa pande zote mbili, maana ukipaka mmoja tu, kwa unyevu huu wa bahari plaiwudi inapinda. Kamba ya katani, pamoja na heshima yake hapa kwetu, hatupimii, ikilowa hufupika.

Mheshimiwa, tatizo letu ni moja: hatuna kipimo mama, yaani kimoja sahihi cha kukagulia vingine. Vyote tunavinakili kutoka kwenye futikamba za plastiki zilizokwisha kuvutika. Futikamba iliyovutika sentimita 1.5 katika 150 itasoma kifua cha 90 kuwa kama 89. Fundi yuleyule akipimia na kukatia kwa futikamba hiyohiyo, nguo itakaa sawa. Lakini sare za shule mmoja anapima, mwingine anakata, kila mtu na futikamba yake, na shati linarudi limebana. Rula ya shule ya sentimita 30 nayo haitoshi: kufika 150 unaihamisha mara nne, na ukikosea milimita 1 kila mara, zimeshapotea 4.

Kwa heshima kubwa tunaomba rula 2 za chuma za mita moja, moja ifungiwe kabatini kwa kukagulia nyingine zote, pamoja na plaiwudi 2 za futi 4 kwa 8 na lita 4 za vanishi.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mahafali yaliyopita aliahidi rula hizi mbele ya wazazi hawahawa, tukapiga makofi. Tulipoandika barua tulijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Mpaka asubuhi ya leo hatujapokea hata moja. Hatulaumu, Mheshimiwa, ila tunaomba ahadi yako iandikwe kwenye kitabu chetu cha wageni, iwe na tarehe na jina la ofisa wa kumfuatilia. Kitabu kipo mezani, na kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.