Mtaji tumepewa, ila hela anahesabu nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili.

Mimi sioni, na nina kibiashara changu cha sabuni, betri na vitu vidogo vidogo vya nyumbani, mwaka wa sita sasa. Kila nikisikia watu wanaongelea kuwasaidia wasioona wajitegemee naona wanaishia kwenye mtaji tu, unaitwa ukumbini, unapewa bahasha, mnapigwa picha (ambayo mwenyewe huioni, haya), wanaondoka zao. Miezi mitatu biashara imekufa, alafu utasikia hawa watu biashara hawaiwezi.

Jamani tunaiweza. Shida ni nani anashika hela. Mimi mwanzo niliweka kijana anisaidie, yeye ndo alikua anapokea noti, anaandika daftari la mauzo, na namba yangu ya siri alikua anaijua maana ile menyu ya kutuma pesa kwa simu ilikua inajifunga kabla haijamaliza kusomwa, sasa ningefanyaje? Mzigo unaisha na hela haionekani, yani haionekani hata kwa wenye macho.

Kumbe mambo mengi yanafundishika. Noti za euro kila thamani ina saizi yake, unapima kwa vidole unajua, ila dola za Marekani zote zinalingana kwa hiyo huko lazima kila thamani uikunje kivyake na usiichanganye mfukoni. Sarafu ndo rahisi kabisa, unapima ukubwa wake na unapitisha kucha ukingoni usikie kama ni laini au ina mikwaruzo. Bidhaa kila moja na sehemu yake, lebo ya nukta nundu (yale maandishi ya kupapasa kwa vidole), na ole wake atakayehamisha kitu bila kuniambia! Simu nayo, Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, zote zinasoma kilichopo kwenye skrini na hulipii kitu, kwenye kompyuta kuna NVDA nayo bure. Mimi nimekaa na simu miaka miwili sijui kama inaongea, na walionipa mtaji hawakunigusia hata siku moja.

Marekani wana sheria tangu 1936 inayowapa wasioona kipaumbele cha kuendesha vibanda kwenye majengo ya serikali kuu, na mtu hapewi eneo tu, anafundishwa kazi, anapewa vifaa na mzigo wa kuanzia. Hiyo ndo naiita kusaidia, sio bahasha.

Kwa hiyo wafadhili, kateni bahasha nusu, mlipeni mwalimu akae na mtu wiki kadhaa palepale anapouzia, wahesabu wote. Na nyie wa benki, hizo mashine za kadi za kioo kitupu zisizo na vitufe vya kupapasa mnatulazimisha kumtajia mtu baki namba ya siri kwa mdomo, foleni nzima inasikia.

Yule kijana wangu saivi ana biashara yake, na mtaji hakuombea popote.

Mfanyabiashara asiyeona