Risala ya Klabu ya Historia na Uraia kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Gereza, katika Mahafali ya Kidato cha Nne, Mbeya

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, Afande. Uliposhuka kwenye gari na magwanda yako, safu ya nyuma ilinyamaza yenyewe bila mwalimu wa nidhamu kuinua fimbo. Hilo si la kawaida hapa.

Mwaka huu klabu yetu ilichagua kusoma habari za magereza. Jijini Mbeya tunaishi jirani na Gereza la Ruanda, Rungwe kuna chuo cha Kiwira kinachofundisha askari wapya, na Jumamosi tunajazana Uwanja wa Sokoine kuwashangilia Wajelajela, timu ya soka ya Tanzania Prisons. Lakini ukimuuliza mwanafunzi gereza linaendeshwaje, atakujibu kwa hadithi za kijiweni.

Tulianza na historia. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba, mwananchi asiye na fedha aliilipa kwa jasho lake, kwa kazi ya kulazimishwa. Chini ya Waingereza, magereza yalikuwa mikononi mwa polisi hadi tarehe 25 Agosti 1931, yalipotenganishwa na kuwa idara inayojitegemea. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Magereza ya mwaka 1967.

Ndugu Mgeni Rasmi, kilichotugusa zaidi hakimo katika tarehe hizo. Kila mwanafunzi hapa amewahi kupishana na karandinga likielekea mahakamani, vidole vikionekana kwenye nyavu na mtu akiita jina la ndugu yake aliyesimama barabarani. Mtaani wote waliomo huitwa wafungwa. Sivyo. Wengi wao ni mahabusu, kesi zao hazijaamuliwa, na mbele ya sheria bado hawana hatia. Ndiyo maana mahabusu huruhusiwa kuvaa nguo zake na kuletewa chakula kutoka nyumbani. Rangi ya chungwa ni ya aliyehukumiwa. Tunao wenzetu madarasani ambao mzazi wao alikuwa mahabusu, nao wakataniwa "mtoto wa mfungwa" hadi wakaacha kuja shule. Mzazi akaachiwa, mtoto hakurudi.

Hata aliyehukumiwa, hesabu yake siyo ile inayotajwa kijiweni. Kwa kifungo kinachozidi mwezi mmoja, mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja, kwa hiyo aliyefungwa miaka 3 hutazamiwa nyumbani baada ya miaka 2. Ipo pia Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, yaani ya kumwachia mfungwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, na ile ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo humwezesha mwenye kifungo kisichozidi miaka 3 kufanya kazi za umma huku akilala kwake. Kwa maoni yetu hii ya mwisho ingetumika zaidi. Kijana aliyeiba kuku hana la kujifunza kwa kulala chumba kimoja na jambazi sugu.

Kuhusu kazi za ndani ya gereza, kama kufungua milango na kuhesabu wafungwa asubuhi, mashamba, useremala, kuhesabu tena na kufunga jioni, wewe unazijua kuliko sisi, hatutakuchosha.

Tuna maombi matatu. Kwanza, kidato cha tatu waruhusiwe kutembelea shamba la Gereza la Songwe, waone kilimo cha mahindi. Wanaosoma somo la kilimo wanalisubiri sana hilo. Pili, tumekusanya vitabu vya kiada vilivyotumika, vingine bila majalada lakini kurasa zote zimo. Tunaomba utuelekeze namna ya kuvifikisha kwa wafungwa wanaojiendeleza kielimu. Tatu, mwanafunzi mwenye mzazi ndani asaidiwe kumwona siku isiyo ya masomo, kwa barua ya Mkuu wa Shule, ili asilazimike kutoroka kipindi na kusimama langoni na sare.

Vitabu viko kwenye maboksi mawili pale kando ya jukwaa, Afande, na gari lako tumeona lina nafasi.

Tunaomba kuwasilisha.