Jumamosi: TP53, na ile shanga nyeupe

Jambo wote. Kikundi chetu cha kujifunza kinakutana Jumamosi saa nane mchana, palepale Kadutu, hapa Bukavu. Mvua ikinyesha msipite ngazi za nyuma, zinateleza vibaya.

Tunaendelea na TP53. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 17 na inatoa protini p53, yenye asidi amino 393, yaani vipande vidogo vilivyoungana kama mnyororo, kila kimoja na namba yake. Kazi yake ni kushika DNA na kuwasha jeni nyingine: DNA ikiharibika, seli isimame ijirekebishe, au ife. Protini nne za p53 hushikana ndipo zifanye kazi vizuri, kama vijana wanaopandisha kabati mlimani kwetu.

Nimesuka mfano wa p53 moja kwa waya wa shaba. Shanga nyeupe ni atomu ya zinki, imeshikwa na asidi amino nne: sisteini tatu na histidini moja. Jana mdogo wangu aliichomoa, waya wote ukalegea. Sikumgombeza sana, maana ndivyo inavyokuwa arginini, asidi amino ya namba 175, ikibadilika: zinki haishikiki tena, umbo linavurugika. Namba 248 ni habari nyingine kabisa. Hapo umbo linabaki karibu zima, ila ile arginini iliyokuwa ikigusa DNA yenyewe haipo. Mara iliyopita wengi mlichanganya haya mawili, nami nikiwemo.

Michoro nimeituma hapo juu, ipakueni leo na simu mzichaji mapema, umeme mnaujua. Anayeleta chai aniandikie pembeni.